Mama kapika shuleni kwetu miaka 19, Januari kaambiwa asiripoti. Mwajiri wake alikuwa nani?

Mwalimu wa Mabanzi (mwanzisha uzi), Jumamosi 7 Februari 2026

Wakuu, kamwene.

Kuanzia 2011 hadi 2017 nilifundisha Jiografia na Kiswahili kwenye shule moja ya kata huku Mufindi, kisha nikahamia Mafinga mjini. Jina la shule naliacha. Waliosoma pale wataijua kwa moshi tu, maana jiko letu lilikuwa la mabanzi mabichi kutoka kwenye mashine za mbao, na upepo ukigeuka Form Two B yote inalia machozi.

Leo asubuhi nimekutana stendi na mama aliyekuwa mpishi wetu. Ana bahasha ya kaki kwapani. Nikamwamkia, nikamuuliza safari ya wapi. Kumbe anatafuta kazi ya jikoni kwenye shule ya binafsi upande wa Makambako, na wamemwambia alete barua ya alikotoka. Barua hana. Wiki ile shule zilipofungua, Jumatano ya tarehe 14 Januari, aliitwa pembeni akaambiwa, "Mama, umri umeenda, pumzika." Ana miaka 58. Alianza pale Juni 2006 shule ikiwa na madarasa mawili na choo cha nyasi.

Akarudi kuomba barua. Mkuu wa shule (mgeni, ana mwaka mmoja pale) akamwambia, sisi hatukukuajiri, waliokuajiri ni wazazi. Akaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya chakula: sisi tunachanga mahindi na hela ya mpishi tu, anayepanga kazi ni mkuu. Akashuka ofisi ya kata: mama, jina lako halimo kwenye mfumo wowote.

Sasa ngoja niwaambie huyu ni mtu wa namna gani, ili mtu asije hapa kuniambia "ni mpishi tu".

Saa kumi alfajiri yuko jikoni. Julai kwetu baridi ile mnaijua, ukungu hauoni hata nguzo ya goli. Watoto wanaotoka mbali wanafika viatu vimelowa umande, wanapita jikoni kwanza kabla ya darasani. Hafukuzi mtu, ila ukisimama karibu na moto lazima uchambue maharage. Darasa zima la wavivu lilijifunza kuchambua maharage pale.

Alikuwa anahesabu watoto kwa mkaa ukutani, pembeni ya dirisha. Sahani moja mstari mmoja, wa tano unakata minne. Mwisho wa siku anaandika jumla, anaanza mstari mpya chini. Mwaka 2014 walikuja wakaguzi, wakataka kujua maharage yameishaje wakati rejista za mahudhurio zinasema watoto wachache. Rejista zetu, tuseme ukweli, tulikuwa tunazijaza Ijumaa kwa mkupuo. Mkaguzi akaingia jikoni, akawasha tochi ya simu, akasoma ukuta. Akasoma muda mrefu. Alipotoka alisema takwimu za mpishi zinalingana na stoo, za walimu hazilingani na kitu chochote. Ukuta ule haukupakwa chokaa tena mpaka naondoka.

Kuna kijana wa Form One alikuwa anajipanga mwisho kila siku na kuomba ukoko. Sisi tukamwona mlafi. Yule mama akamwendea mwalimu wa malezi, akamwambia huyu mtoto anakula mara moja kwa siku, fuatilieni. Tukafuatilia: yuko geto peke yake, godoro na ndoo, mzazi alikwenda mashambani Kilombero na hajarudi msimu mzima.

Malipo: alianza na 25,000 kwa mwezi, mwishoni ilikuwa 90,000, na Juni na Desemba halipwi kwa sababu "watoto hawali".

Sitaki pole zenu wakuu. Nataka jibu. Mwajiri wake alikuwa nani?

Ndaga wa Tukuyu

Natia nanga. Uzi wa maana huu.

Kichwa Ngumu Mwanjelwa

Mkuu nikuulize kitu. Alisaini mkataba? Kama hakusaini, alikuwa kibarua wa kijiji. Ni sawa na wale wanaochimba msingi wa zahanati kwa nguvu za wananchi. Tukianza kumpa kila mtu "haki" hizo shule za kata zitafungwa, maana hela hamna. Mama apewe kitenge na mbuzi, aagwe vizuri, yaishe.

Mwalimu wa Mabanzi

Hata hicho kitenge hajapewa.

Mkuu Mstaafu

Vijana, mimi nimekuwa mkuu wa shule mbili, moja Njombe na nyingine Iringa Vijijini. Niongee kama mtu aliyekaa kwenye kile kiti.

Mkuu huyo mgeni msimpige mawe haraka. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, chini ya Waraka Na. 5 wa 2015, serikali ilibeba ada ya kutwa, ile 20,000 kwa mtoto kwa mwaka, ikaleta kama fidia. Pigeni hesabu na mimi. Shule ya watoto 400 ni milioni 8 kwa mwaka. Gawa kwa 12 unapata kama 667,000 kwa mwezi, kama imekuja yote na kwa wakati. Humo kuna umeme, karatasi za mitihani, nauli ya mtaaluma kupeleka fomu wilayani, kitasa cha maabara kilichovunjwa, na walinzi wawili. Ruzuku nayo ilikuwa 25,000 kwa mtoto, nusu yake ikibaki juu kwa ajili ya vitabu.

Chakula cha kutwa waraka uliacha mikononi mwa mzazi. Sasa chakula kikiwa cha mzazi, na mpishi anakuwa wa mzazi. Januari 2018 michango ikapigwa marufuku na Rais mwenyewe. Mkuu gani angethubutu kuita kikao cha kuchangia mpishi mwezi ule? Mimi nilikaa wiki tatu watoto wanashinda njaa, na mpishi wangu anakuja kila siku kufagia jiko lisilo na moto. Nilimlipa mfukoni, kwenye posho ya madaraka. Sisemi nisifiwe, nasema ndivyo ilivyokuwa.

Na mjue kwamba mkuu wa shule ya kata hana mhasibu. Yeye ndiye basa, afisa ugavi, fundi bomba. FFARS, ule mfumo wa hesabu za fedha za shule, imekuja anajaza yeye. NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, imekuja, kununua gunia la maharage unatafuta mtandao juu ya kichuguu. Mwalimu wa Fizikia niliyekuwa naye alifundisha vipindi viwili kwa wiki, muda uliobaki alikuwa mhasibu wangu. Watoto walipofeli Fizikia niliitwa kujieleza mimi.

Ila swali la mleta uzi ni zuri, na miaka yote ile mimi sikuwahi kujiuliza.

Zamu ya Usiku

Shikamoo Mkuu Mstaafu na wakubwa wote humu. Mimi ni mlinzi wa shule ya msingi, siyo mbali na Uyole. Simu ni ya mwanangu, ananisaidia kuandika.

Nalinda madarasa 11, ofisi, tenki la maji na mti wa maparachichi. Silaha yangu ni tochi, rungu na mbwa wa jirani anayenifuata kwa sababu ya kiporo. Malipo yangu yanatoka kwa wazazi kaya kwa kaya, balozi ndiye anakusanya. Msimu wa mavuno naweza kulipwa debe la mahindi badala ya hela. Mwaka jana kuna mzazi alinilipa kuku jike, anataga mpaka leo, huyo ndiye aliyelipa vizuri kuliko wote.

Kikiibiwa kitu nalipa mimi. Bati nne ziliondoka usiku wa mvua nikakatwa miezi miwili. Siku hiyo hakuna aliyesema mimi ni wa wazazi. Niliitwa ofisini na mwalimu mkuu nikaandikishwa maelezo, kurasa mbili.

Mama Chai Bora

"Siku hiyo hakuna aliyesema mimi ni wa wazazi." Baba, umemaliza uzi.

Binti wa Masijala

Nichangie kutoka upande mwingine kidogo. Mimi nipo chuo kimoja hapa Mbeya, upande wa utawala. Nimeajiriwa, nina mkataba, nina makato ya mfuko, kwa hiyo silalamiki njaa. Ila huku nako kuna watu wasiosomeka.

Tuna mzee wa masijala. Miaka ile mafaili yanapandishwa kwenye kompyuta yeye ndiye alijua kwamba wanafunzi wa kozi fulani waliingia na namba za usajili zilizojirudia, na kwamba faili la pili la kila mmoja limewekwa kwenye kabati la kijivu chini ya ngazi. Hakuna mahali palipoandikwa. Alikwenda likizo, siku 28 zake halali, na ndani ya wiki ya kwanza wahitimu wanne walikuja kuthibitishiwa vyeti kwa ajili ya ajira, mafaili hayaonekani. Mkurugenzi mwenye shahada tatu akampigia simu mzee akiwa shambani Ileje analima mahindi. Mzee akasema kabati la kijivu, droo ya tatu, mtaona kamba nyekundu. Dakika mbili.

Siku ya mahafali walishukuriwa wote, mpaka waliokodisha mahema. Mzee alikuwa anapanga viti.

Halafu kitu kinachoniudhi: walimu wa chuo wanatuita "wale wa utawala" kama vile tumekuja kuwawekea vikwazo. Haya, siku mhazili wa idara akiumwa, mtasikia korido nzima inaulizana mhuri uko wapi.

Kichwa Ngumu Mwanjelwa

Dada na wewe umechomekea malalamiko yako humo humo 😂 Turudi kwa mpishi.

Mtoto wa Dereva

Kuna jambo limerukwa. Kwa nini mama hakuwahi kuingizwa serikalini miaka yote 19? Ni darasa la saba, sivyo?

Baba yangu alikuwa dereva kwenye shule kongwe ya bweni ya serikali huku kusini, naye darasa la saba. 2017, uhakiki wa vyeti ulipopamba moto, Aprili 28 Rais akapokea ile orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Baba hakuwa na cheti cha kughushi. Hakuwa na cheti kabisa, na hakuwahi kusema anacho. Akaondolewa vilevile kwenye wimbi lile la darasa la saba. Alikaa nyumbani mwaka mzima anaosha gari ambalo si lake, la jirani, bure, kwa mazoea tu. 2018 serikali ikawarudisha walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, ndiyo siku ambayo sharti la kidato cha nne lilianza kufuatwa. Baba alikuwa ameajiriwa 1989, akarudi, akastaafu na mafao yake.

Sasa huyo mama kaanza Juni 2006. Miaka miwili na siku chache baada ya mstari. Angepika makande yale yale kwenye shule ya bweni ya serikali 2003, leo tungekuwa tunamzungumzia mstaafu. Na kima cha chini serikalini tangu Julai 2025 ni 500,000.

Mwalimu wa Mabanzi

Darasa la saba, ndiyo. 1981.

Na shule za kata zenyewe ndiyo zilikuwa zinamiminika miaka ile, enzi za Lowassa akiwa Waziri Mkuu, kila kata ijenge. Walihesabu madarasa, wakahesabu madawati. Sikumbuki kikao hata kimoja kilichohesabu mpishi.

Sanifu Maabara

Tusisahau na sisi wa maabara. Mimi ni fundi sanifu, naosha mirija ya majaribio ya shule mbili. Basi tu, nimepita.

Kuni Hazitoshi

Swali la pembeni: hilo jiko bado ni la mabanzi? Si taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa ziache kuni? Huku Songwe kuna shule nimeona zinatumia makaa ya STAMICO (shirika la madini la serikali) yale ya Rafiki, yanatokana na makaa ya mawe ya Kiwira. Mpishi analalamika tu kwamba yakishawaka huwezi kuyazima haraka, uji unaungua.

Mwalimu wa Mabanzi

Mtungi mkubwa wa gesi ulifika, upo stoo. Ukiisha nani anajaza, hapo ndipo ulipoishia. Turudi kwenye mada.

Wakili Bila Joho

Nimesoma wote. Mimi siyo wakili kamili, nimefanya kazi za mashauri ya kazi Iringa kwa miaka kadhaa.

Kichwa Ngumu, mkataba usioandikwa bado ni mkataba. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na asipoweza kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye, mwajiri. Watu wengi wanadhani ni kinyume.

Swali la nani mwajiri: fungua Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, kifungu cha 61. Mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa kama lipo hata moja kati ya haya: namna anavyofanya kazi au saa zake zinapangwa na mwingine, amekuwa sehemu ya taasisi hiyo, amefanya walau wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anategemea malipo hayo kuishi, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu. Huyo mama anaingia karibu kote. Kwa hiyo usiulize nani alitoa hela. Uliza nani alimpangia saa. Sufuria ni la nani? Akichelewa anamwomba nani msamaha?

Kuhusu kiinua mgongo, kifungu cha 42: mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa 90,000 ni kama 24,000 kwa mwaka, jumla takriban 242,000. Juu yake kuna notisi na likizo ambazo hakuchukua.

Na sasa jambo la haraka. Shauri la kuachishwa kazi linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ameambiwa 14 Januari. Leo ni tarehe 7. Ana mpaka Ijumaa ijayo, tarehe 13. Ofisi ya Tume ipo Iringa mjini, fomu anajaziwa pale pale, hailipiwi. Akichelewa ataomba kuongezewa muda, lakini asitegemee hilo.

Tahadhari: shule ni ya serikali, kwa hiyo watamwekea pingamizi kwamba aanzie kwenye mamlaka za utumishi wa umma. Ajibu kwamba wao wenyewe wamesema hayumo kwenye mfumo. Hawawezi kumkataa asubuhi na kumdai jioni.

Kichwa Ngumu Mwanjelwa

Sawa mkuu, kisheria nimekuelewa, nakunja mkia. Lakini nijibu hili: akishinda, hiyo 242,000 inatoka wapi? Ikitoka kwenye fidia ya ada, ni karatasi za mitihani za watoto wale wale aliokuwa anawalisha. Au watawachangisha wazazi, akina mama wenzake wa vikoba. Unamshtaki nani hapo kama siyo jirani yako?

Mkuu Mstaafu

Hilo ndilo lilinifanya ninyamaze miaka yote. Halmashauri ndiyo iulizwe. Jengo lake, mhuri wake, mkuu wa shule wake.

Zamu ya Usiku

Wakili, hayo maelezo niliyoandikishwa siku ya bati, kurasa mbili, yana mhuri wa shule. Yana maana yoyote kwangu?

Wakili Bila Joho

Baba, tafuta nakala. Leo hii.

Mwalimu wa Mabanzi

Mrejesho, Jumanne 10 Februari.

Jana niliomba ruhusa nikapanda na mama mpaka shuleni. Niliogopa tutafukuzwa. Mkuu alikuwa wilayani kwenye kikao, tukamkuta sekretari, binti niliyemfundisha mwenyewe Form Three, naye analipwa na bodi, 120,000, hana barua pia. Nikamweleza tunachotafuta: kitu chochote kinachoonyesha nani alimpangia mama saa. Hakuuliza mara mbili. Akafungua kabati la nyuma ya mlango, akatoa vitabu vya zamu, vile madaftari makubwa ambayo mwalimu wa zamu anaandika taarifa ya kila siku. Vipo kuanzia 2009, viwili vimeliwa na panya pembeni.

Ukuta tulipitia kwanza. Umeshapakwa rangi, ya maziwa.

Tukakaa sakafuni tunapekua. Karibu kila ukurasa jikoni pametajwa. Chakula kimeiva saa 7:15. Mpishi ameelekezwa kuongeza maji. Mpishi amepewa ruhusa ya msiba siku mbili, imesainiwa na mkuu. Mpishi amekabidhiwa mwiko mpya na sufuria mbili, mali ya shule. Sekretari akawa anapiga picha kila ukurasa kwa simu yake na kunirushia.

Halafu mama akaniwekea kidole kwenye ukurasa mmoja wa Agosti 2012. Yeye hasomi haraka lakini jina lake analijua likiandikwa. "Mpishi amechelewa kufika dakika 20. Ameitwa ofisini na kuonywa kwa mdomo. Akirudia atachukuliwa hatua." Chini kuna saini ya mwalimu wa zamu.

Mwandiko ni wangu. Sikuikumbuka kabisa siku hiyo. Yeye aliikumbuka: mtoto wake alikuwa na degedege, alimpeleka zahanati usiku akaja kazini moja kwa moja kutokea huko. Hakuniambia sababu wakati ule kwa kuwa, anasema, sikuuliza.

Huo ndio ukurasa wa juu kabisa kwenye bahasha ya kaki. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunapanda Coaster ya Iringa.